Binti Akirudi Kutoka Chuoni Akiwa Kimya



Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, hapa kwetu Michenga tunawaona vijana wakipita na mabegi yao. Wengine wanakwenda stesheni ya TAZARA, wengine wanawahi basi la Morogoro na Dar es Salaam. Nyuma ya kila begi kuna mzazi aliyeuza magunia ya mpunga ili ada ipatikane. Tunawaaga kwa nasaha nyingi: soma kwa bidii, usiache kusali, tunza fedha, chagua marafiki. Nasaha hizo ni njema. Lakini lipo jambo ambalo wengi wetu hatulisemi kwa sababu ya haya. Hatumwambii mtoto: "Mtu akikuingilia kwa nguvu, fanya hivi na hivi, kisha njoo nyumbani, hatutakufukuza."

Mwezi huu nimeamua kulisema, kwa sababu ya binti mmoja aliyeletwa kwangu na shangazi yake. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, na chuo chake sitakitaja. Alikuwa mwaka wa pili. Jioni moja alikwenda kujisomea kwenye chumba cha kupanga cha mwanafunzi mwenzake, kijana aliyemfahamu vizuri na ambaye walikuwa kikundi kimoja cha masomo. Wenzao wawili walichelewa kufika. Kijana yule alifunga mlango, akambaka.

Kesho yake binti alipanda basi akarudi nyumbani, akasema ana malaria. Alilala, hakula, akawa anaoga mara nne kwa siku. Mama yake alipomdodosa na kuujua ukweli, alilia, kisha akasema, "Tunyamaze mwanangu, usije ukaharibu masomo yako." Walinyamaza. Siku ya sita shangazi alifika kutoka Mlimba, akasikia, akamshika mkono mpaka hospitali.

"Shikamoo mama," binti aliniamkia bila kuinua uso.

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae. Hapa upo salama."

Shangazi ndiye aliyeniuliza, "Dada, bado kuna dawa?"

Ndugu wasomaji, katika miaka yangu ya uuguzi nimejibu maswali mengi magumu, lakini lile lilinichoma. Dawa ya kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI ipo, tena haiuzwi, hutolewa bure. Lakini lazima ianzwe ndani ya saa 72, yaani siku tatu. Siku tatu zilikuwa zimepita nyumbani, katika kunyamaza.

SI JAMBO GENI

Wapo watakaosema mambo haya yameletwa na simu na utandawazi. Sivyo. Mwaka 1990 mimi nilikuwa binti mdogo katika mafunzo ya uuguzi. Mwezi Februari mwaka huo nchi ilishtushwa na kifo cha Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alijiua baada ya kuandamwa na kusumbuliwa na wanafunzi wa kiume, akiwa amekataa kutakwa kimapenzi. Wakati ule chuoni hapo kulikuwa na kikundi cha siri kilichojiita "Mzee Punch". Kilibandika ukutani michoro na maneno machafu ya kuwadhalilisha wenzao, hasa wasichana. Aliyebandikwa alitengwa, na aliyeongea naye alijiweka katika hatari ya kubandikwa pia.

Tujiulize: wangapi waliona michoro ile wakacheka? Wangapi walisema ni utani wa vijana? Kifo kile kiliwaamsha wengi. Wanawake wa chuo pamoja na Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, walipaza sauti. Miaka ya tisini yote vyama vya wanawake viliendelea kudai sheria kali zaidi, na mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Sheria hiyo ilibadilisha Kanuni ya Adhabu yetu, na nitaieleza kidogo hapa chini.

Mateso yana sura nyingine pia: mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba alama zake zitapatikana chumbani. Hiyo inaitwa rushwa ya ngono. Mwaka 2018 mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dkt. Vicensia Shule, aliisema hadharani. Mwaka 2020 TAKUKURU ilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, nayo ilionyesha kwamba rushwa hiyo ipo.

SAA 72 ZA KWANZA

Sasa nieleze kazi yangu. Mtu akibakwa, awe msichana au mvulana, maana wavulana nao hutendewa, afanye yafuatayo:

1. Aende kwanza mahali penye usalama, amwambie mtu mmoja anayemwamini. Amtaje mtendaji mapema kadiri inavyowezekana. Mahakama huuona ushahidi wa aliyemtaja mhalifu mapema kuwa wa kuaminika zaidi.

2. Asioge, asijisafishe sehemu za siri, wala asifue nguo alizovaa. Najua kwamba kila aliyetendewa hivyo hutamani maji kabla ya kitu kingine chochote. Lakini maji huondoa ushahidi. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwenye kanga safi iliyokauka. Mfuko wa nailoni haufai kwa sababu nguo huvunda na ushahidi ukaharibika. Ikiwa amekwisha kuoga, aje hivyo hivyo. Matibabu hayazuiwi na kuoga.

3. Afike hospitali au kituo cha afya mara moja, hata usiku. Atapimwa virusi vya UKIMWI. Akiwa hana maambukizi ataanzishiwa dawa za kinga, ambazo atazimeza kila siku kwa siku 28. Zikianzwa saa chache baada ya tukio zina nguvu kuliko zikianzwa siku ya tatu. Baada ya saa 72 hazianzishwi tena. Wengine huziacha katikati kwa sababu ya kichefuchefu. Asiziache, arudi atuambie, tumsaidie.

4. Atapewa pia dawa za kuzuia magonjwa ya zinaa kama kaswende na kisonono, chanjo ya homa ya ini aina ya B kama hajawahi kuchanjwa, na kinga ya pepopunda kama ana majeraha. Halafu atarudi kupimwa tena baada ya wiki sita na baada ya miezi mitatu.

Aliyechelewa kupita siku tatu asikate tamaa. Bado tuna tiba ya magonjwa ya zinaa, chanjo, vipimo na ushauri nasaha. Hakuna siku ambayo milango yetu hufungwa kwake.

SWALI LA MIMBA

Akina mama wa WAWATA wameniuliza swali hili pembeni, nami nitalijibu wazi. Kuna dawa ya dharura ambayo huchelewesha yai lisitoke, na hivyo mimba isitungwe. Hufanya kazi ikimezwa mapema, na mwisho wake ni siku tano. Je, Mkatoliki aliyebakwa anaruhusiwa?

Kanisa halilinganishi kitendo cha mume na mke na shambulio la mbakaji. Aliyebakwa ana haki ya kujikinga dhidi ya matokeo ya shambulio lile. Mwezi Februari 2013 maaskofu wa Ujerumani walilijadili jambo hili katika mkutano wao mjini Trier, baada ya hospitali mbili za Kikatoliki mjini Cologne kulaumiwa kwa kutompokea mwanamke aliyehofiwa kuwa amebakwa. Walieleza kwamba hospitali za Kikatoliki zinaweza kumpa aliyebakwa dawa inayozuia mimba kutungwa, bali si dawa ya kuitoa mimba iliyokwisha kutungwa. Kwa hiyo binti aulize, na daktari amweleze kila kitu bila kumficha. Hapa pia saa ndiyo inayoamua.

PF3 NA KOSA LANGU MWENYEWE

Hapa lazima nikiri. Miaka mingi iliyopita, nikiwa muuguzi kijana katika hospitali moja ambayo si lazima niitaje, aliletwa msichana usiku, amechanika na anatetemeka. Nikamwuliza, "Una PF3?" Hakuwa nayo. Nikamwambia yeye na kaka yake waende kwanza polisi. Kituo kilikuwa mbali na mvua ilikuwa inanyesha. Hawakurudi tena. Mpaka leo sijui kilichompata, na kila nisikiapo mvua usiku namkumbuka.

Nilidhani nafuata taratibu. Leo nawaambia wazi, na wauguzi wenzangu nao wasikie: aliyebakwa hutibiwa kwanza. Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ni muhimu kwa sababu daktari huandika humo aliyoyaona, na hutumika mahakamani. Lakini inaweza kufuatwa na ndugu wakati mgonjwa anahudumiwa. Karatasi isimzuie mtu kupata dawa yenye saa zinazohesabika. Katika baadhi ya hospitali kuna Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja, ili mgonjwa asisimulie masaibu yake mlango kwa mlango. Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Ulizeni hilo mnapofika, na mnaweza kuomba kuhojiwa na askari wa kike.

SHERIA INASEMAJE

Mimi ni muuguzi, si mwanasheria. Lakini haya yafaa kila familia iyajue.

Kwanza, ubakaji ni kumwingilia mwanamke bila ridhaa yake. Ridhaa iliyopatikana kwa vitisho si ridhaa. Aliyeleweshwa pombe au dawa ili aingiliwe hakuridhia. Na si lazima awe na majeraha au alama za kupigana ndipo aaminiwe. Sheria yetu imelisema hilo waziwazi. Wengi huganda kwa hofu, mwili unakuwa kama gogo, sauti haitoki. Tusiwaulize, "Mbona hukupiga kelele?"

Pili, sheria inamtazama kwa ukali pia mwenye madaraka anayeitumia nafasi yake kumbaka aliye chini yake. Humo wametajwa hata waganga wa kienyeji na viongozi wa dini. Hakuna joho wala koti jeupe linalomkinga mtu.

Tatu, adhabu ya kubaka ni kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30, na mahakama humwamuru mkosaji kumlipa fidia aliyemdhulumu.

Nne, wengi husema, "Hakukuwa na shahidi, kesi itakufa." Mwaka 2006, katika rufaa ya Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa yule aliyebakwa mwenyewe. Neno lake lina uzito. Tena ushahidi wa kesi hizi husikilizwa kwa faragha, si mbele ya umati.

Tano, anayedai ngono kwa kutumia mamlaka yake, iwe kwa ajili ya alama, ajira au cheo, anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Sheria hiyo iliweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Taarifa hupelekwa TAKUKURU, simu namba 113. Mwanafunzi atunze ujumbe wote wa simu, asiufute kwa hasira, na asiende peke yake kumtegea mwalimu.

CHUO NACHO KINA WAJIBU

Tangu mwaka 2021 Serikali imeweka mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika vyuo vya elimu ya juu na vya kati. Kwa hiyo mzazi unapompeleka mtoto, usiulize bei ya hosteli tu. Uliza pia: Dawati la Jinsia lipo wapi? Nani anasimamia? Mlezi wa wanafunzi anapatikana usiku? Njia ya kutoka maktaba ina taa? Wanaopanga nje ya chuo, kwenye mageto, waulizwe hivyo hivyo kuhusu komeo la mlango na majirani.

Aliyetendewa ovu anaweza kuomba mambo haya: abadilishiwe chumba au kikundi cha masomo, asikutanishwe ana kwa ana na mtuhumiwa, aahirishiwe mitihani kwa sababu ya ugonjwa, na siri yake itunzwe. Malalamiko yaandikwe, yawe na tarehe, na nakala ibaki nyumbani. Lakini chuo hakichukui nafasi ya polisi. Chuo kinaweza kumfukuza mtu masomo; mahakama ndiyo inayohukumu jinai.

"TUYAMALIZE KIFAMILIA"

Huku kwetu bondeni tumezoea kuketi na kusuluhishana, na kwa ugomvi wa mipaka ya shamba ni jambo jema. Lakini nimewaona wazee wakipokea fedha au ng'ombe kutoka kwa wazazi wa kijana, kisha binti anaambiwa asamehe. Aliyelia ni mmoja, waliolipwa ni wengine! Ubakaji ni kosa la jinai, na mshtaki ni Jamhuri. Ofisi ya kijiji haina mamlaka ya kuumaliza, wala ukoo. Na kusamehe, wapendwa, hutoka moyoni mwa aliyeumizwa kwa wakati wake. Hakununuliwi, na hakumwondoi mkosaji mbele ya sheria. Aliyebakwa hana dhambi ya kutubu katika jambo hili. Mwenye dhambi ni aliyebaka.

Nyumbani tumwambie nini? Maneno matatu yanatosha: "Nakuamini. Si kosa lako. Twende pamoja." Tusiulize alivaa nini, alikuwa huko saa ngapi, kwa nini alikubali kuingia. Asiachwe peke yake siku za mwanzo, wala asilazimishwe kusimulia kwa kila shangazi na mjomba. Akianza kusema maisha hayana maana, au anagawa vitu vyake, msisubiri asubuhi, mleteni. Tumkumbuke Levina.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zina kazi. Wiki moja someni ukurasa huu pamoja, akina baba wakiwemo. Na tuseme na wavulana wetu. Kwa miaka mingi tumewafundisha mabinti kujihadhari. Je, ni nani amemwambia kijana wake kwamba "hapana" ni hapana, kwamba kumlewesha msichana ni kumvizia, kwamba mwenzake akijisifu kwa jambo hilo hapaswi kucheka?

Simu za kukumbuka: polisi 112, TAKUKURU 113, na kwa watoto walio chini ya miaka 18 piga 116, ni bure. Kuna pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao huwasaidia wasio na uwezo bila malipo. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii.

MWISHO

Mtauliza yule binti yuko wapi. Tulimpa tiba iliyobaki, tukampima siku ile, tukampima tena baada ya wiki sita na baada ya miezi mitatu. Mungu ni mwema, majibu yalikuwa mazuri. Shauri lake lilifikishwa polisi, na yaliyobaki si yangu kuyasimulia. Aliahirisha masomo mwaka mmoja, kisha akarudi chuoni. Siku ya kuondoka alipita kuniaga, mama yake amebeba begi. Mama yule ndiye aliyeniomba niandike makala haya. Alisema, "Dada, waandikie wenzangu. Mimi nilidhani namlinda, kumbe nilikuwa nahesabu saa zake zikiisha."

Basi nimeandika. Kateni ukurasa huu, mwekeni kijana wenu kwenye begi kabla hajapanda basi.